Pakacha linavuja, na kuna anayefurahia

Ndugu zangu habari za mchana, wakubwa shikamooni. Nyie mliokaa kule nyuma karibu na mlango najua mmekaa hapo makusudi, hotuba ikichosha mtoke kimyakimya, sawa hakuna neno, ila nipeni dakika ishirini kwanza alafu muamue.

Waandaaji walinitumia kichwa cha mada kirefu kweli, uchumi wa kubana matumizi, wenye hewa ukaa kidogo, na maisha endelevu, nikakisoma mara tatu na kila nikifika mwisho nimeshasahau mwanzo. Nikawajibu jamani, mi nitakuja na pakacha.

Wote mnaijua ile methali, kuvuja kwa pakacha nafuu kwa mchukuzi. Sasa hebu ifikirieni polepole. Umempa mtu mzigo wako abebe, pakacha lina tundu chini, kila hatua anayopiga kuna kitu kinadondoka njiani. Wewe mwenye mali uko mbele huko unasubiri. Yeye anaona mzigo unazidi kuwa mwepesi, anapiga mluzi, anakaza mwendo. Je atasimama azibe tundu? Kwa nini asimame, kalipwa kwa safari, hakulipwa kwa kilichofika.

Huo ndo uchumi tulionao. Kila tukikaa kwenye mikutano kama hii tunaambiwa watu wanapoteza umeme, wanatupa vitu, wanachoma mafuta ovyo kwa sababu hawajaelimishwa, basi ziandaliwe semina, yachapwe mabango, watoto wafundishwe kuzima taa. Mi nimechoka na hayo maelezo. Upotevu una wenyewe, kuna watu wanalipwa vizuri kabisa kwa sababu pakacha linavuja, na mpaka ubadilishe malipo ya mchukuzi unaweza kumhubiria mwenye pakacha mpaka sauti ikauke. Hilo tu ndo nililokuja kusema leo, yanayofuata ni mifano.

Mfano wa kwanza ni wa zamani ila ndo ninaoupenda. Mwaka 1924 kule Geneva watengenezaji wakubwa wa balbu duniani walikaa wakaunda umoja, wakauita Phoebus. Walikuwemo Osram, walikuwemo Philips, General Electric ya Marekani iliingia kupitia kampuni zake za nje. Wakagawana masoko, hilo ni la kawaida, wafanyabiashara wamekuwa wakigawana masoko tangu zamani. Ila wakakubaliana na kitu kingine ambacho ukikisikia mara ya kwanza unadhani ni utani: balbu isiishi zaidi ya masaa 1,000. Kabla ya hapo nyingi zilikuwa zinafika masaa 1,500 mpaka 2,000. Yaani wahandisi walewale waliokuwa wanapongezwa kwa kurefusha maisha ya balbu wakaambiwa sasa fupisheni, na wakafanya kazi kwelikweli kuifupisha, maana sio rahisi kutengeneza kitu kife kwa wakati. Viwanda vikawa vinapeleka sampuli zikapimwe, balbu zenu zikionekana zinaishi kupita kiasi mnapigwa faini.

Wenyewe walijitetea kwamba uzi wa ndani ukiwaka kwa moto mkali zaidi mwanga unakuwa mweupe na umeme unatumika vizuri, na kifizikia hapo hawakudanganya, uzi wenye moto mkali unaishi muda mfupi lakini unatoa mwanga mwingi kwa umeme uleule. Ila sasa mbona faini ilikuwa ya masaa? Umoja ule ulisambaratika vita kuu ya pili ilipoanza, lakini somo lake halikusambaratika, lilibaki viwandani. Ukiona vyaelea vimeundwa, na mimi naongeza, ukiona vyazama pia vimeundwa.

Niwape na la kwangu. Nilikuwa na mashine ya kufulia, ikaanza kunguruma ikifika kwenye kukamua, inanguruma kama ina simba ndani. Nikamwita fundi. Akasikiliza tu, hata hajafungua, akasema beringi hiyo imekwisha. Nikafurahi, nikajua beringi ni kitu kidogo, kinakaa kwenye kiganja. Akafungua, akanyamaza, alafu akaniita nije nione. Tangi lote la plastiki limeunganishwa kwa moto, halina skrubu hata moja, beringi iko ndani yake, ukitaka kuitoa lazima ulikate tangi kwa msumeno. Au ununue tangi zima pamoja na dramu yake, bei inakaribia mashine mpya. Fundi akaniambia kaka mashine za zamani hapa palikuwa na skrubu kama ishirini hivi, nafungua, nabadilisha, nafunga, ndani ya masaa mawili nimemaliza. Sasa hivi mtu aliyekaa kwenye meza ya kuchora alizitoa zile skrubu. Labda alipunguza gharama kidogo kiwandani, sikatai. Lakini hakuna aliyemuuliza gharama ya mashine nzima kutupwa kwa ajili ya beringi, kwa sababu hiyo gharama hailipwi na kiwanda, nalipa mimi na anakuja kulipa atakayekaa karibu na dampo.

Na madampo hayo sio madogo. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za umeme, simu, friji, kompyuta, nyaya, na kilichokusanywa na kurejelezwa kwa utaratibu unaojulikana hakikufika hata robo, ilikuwa kama asilimia 22. Ndani ya hizo taka kuna shaba, kuna dhahabu, kuna madini ambayo tunachimba milima mipya kuyatafuta wakati yaliyochimbwa jana tunayafukia leo.

Ufaransa walijaribu kitu ambacho mi nakiona cha akili. Kuanzia Januari 2021 ukienda kununua simu, laptopu, televisheni au mashine ya kufulia, pembeni ya bei ilibidi pawe na alama kati ya 10 iliyosema hiki kitu kikiharibika kinatengenezeka kiasi gani. Walikuwa wanaangalia kama maelezo ya ufundi yanapatikana, kama kinafunguka kirahisi, kama spea zipo na zitakuwepo kwa miaka mingapi, na spea yenyewe ni bei gani ukilinganisha na kitu kizima. Kasoro ilikuwepo, mtengenezaji alijipa alama mwenyewe, na mtu akijisahihishia mtihani mnajua matokeo yake. Ila angalieni walichogusa. Hawakumfokea mnunuzi, walimfanya mchukuzi atembee na tundu lake hadharani. Alafu mwaka 2024 Umoja wa Ulaya wakapitisha sheria ya haki ya kutengeneza, inayowabana watengenezaji wa baadhi ya bidhaa wakubali kuzitengeneza zikiharibika hata baada ya garantii kuisha.

Sasa naona mtu pale anatikisa kichwa, anasema huyu anataka turudi kuishi kwa shida. Hapana, na hapa naomba nieleweke vizuri maana ndo mahali mada hii inaharibikaga. Kubana matumizi na ukata ni vitu viwili. Muungano wa Kisovieti ulipovunjika mwaka 1991, Cuba ilikatiwa mafuta ya bei nafuu karibu ghafla. Mabasi yakasimama, matrekta yakasimama, serikali ikaleta baiskeli zaidi ya milioni moja kutoka China, watu wakaanza kulima mijini kwenye kila kiwanja kilichokuwa wazi. Kuna wanamazingira wanaisimulia hiyo hadithi kwa furaha kama vile ni paradiso. Ukweli ni kwamba watu walikonda, kukonda kweli. Bustani za mijini zilikuwa ubunifu mzuri na nyingine zipo mpaka leo, lakini yule aliyepanda baiskeli kwa sababu basi halipo hakuchagua kitu, alibanwa. Mi sitaki uchumi wa kubanwa.

Na kuna watu zaidi ya bilioni 2 ambao mpaka leo wanapikia kuni, mkaa, kinyesi cha mifugo, moshi unawaingia mapafuni kila siku, na unaua watu kwa mamilioni kila mwaka, wanawake na watoto ndo wanaoongoza kuuvuta. Ukimwendea mama huyo ukamwambia abane matumizi ya nishati unamtukana. Yeye anahitaji zaidi. Zaidi ya umeme, zaidi ya maji, zaidi ya friji ya kuwekea dawa. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mikutano ya hali ya hewa imejaa wenye shibe.

Swali la kweli ni kiasi gani kinatosha. Watafiti walikaa wakapiga hesabu wakaitoa mwaka 2020, waliuliza hivi, tukimpa kila mtu duniani nyumba ya kueleweka, maji ya moto, friji, usafiri, hospitali, shule, simu na intaneti, kwa kutumia teknolojia bora iliyopo, ingehitajika nishati kiasi gani ifikapo 2050? Jibu lilikuwa dunia nzima ingeweza kutumia kiasi kile kilichokuwa kinatumika miaka ya 1960, pamoja na kwamba idadi ya watu itakuwa mara tatu ya wakati ule. Someni tena hiyo. Maana yake nishati ya kumtosha kila mtu ipo, na sehemu kubwa ya tunayochoma sasa inadondoka njiani. Na hata bila hesabu za 2050, Costa Rica ipo leo, watu wake wanaishi miaka mingi kama Wamarekani au kuwazidi kidogo wakati pato la Mmarekani ni mara kadhaa la kwao, na umeme wao karibu wote unatoka kwenye maji, joto la ardhini, upepo na jua.

Inadondokea wapi? Chukua gari la petroli. Umejaza lita 10. Katika hizo, zinazosukuma magurudumu kweli ni lita 2 au 3, zilizobaki zinatoka kama joto, ndo maana injini ina rejeta na feni, gari zima limejengwa likiwa na mfumo wa kutupa kile ulichokilipia. Gari la umeme linapeleka zaidi ya robo tatu ya nishati kwenye magurudumu. Au kituo cha umeme cha makaa ya mawe, theluthi moja hivi inakuwa umeme, zile mbili zilizobaki zinapaa. Au nchi za baridi wanaochoma gesi kupasha nyumba joto, wakati pampu ya joto, ambayo ni friji iliyogeuzwa tu haina uchawi, ukiipa yuniti moja ya umeme inakuingizia ndani yuniti 3 au 4 za joto kwa sababu inalivuta kutoka nje. Watu wakisikia kupunguza hewa ukaa wanadhani ni kukaa gizani na baridi, kumbe sehemu kubwa ni kuacha kulipia joto linalotupwa. Na paneli za sola zenyewe zimeshuka bei kwa kama asilimia 90 kati ya 2010 na 2020, wengi hawakutabiri hivyo.

Basi tungeishia hapo tungepiga makofi twende nyumbani. Tatizo kuna mzee mmoja Mwingereza anaitwa William Stanley Jevons, alitibua sherehe tangu 1865. Wakati huo Uingereza ilikuwa inaogopa makaa ya mawe yataisha, na wajuzi wakawa wanasema msijali, injini zinaboreshwa, zitakula makaa kidogo. Jevons akasema mnajidanganya. Injini ya mvuke ya mwanzo, ya Newcomen, ilikuwa inakula makaa vibaya sana, ilikuwa inafaa kutoa maji kwenye migodi tu kwa sababu hapo makaa yapo mlangoni. James Watt akaja na injini inayokula kidogo, na matokeo yake injini ikaweza kuwekwa popote, viwandani, baadaye kwenye reli na meli, na Uingereza ikachoma makaa mengi kuliko mwanzo, mengi mno. Kitu kikitumika kwa ufanisi kinakuwa rahisi, kikiwa rahisi kinatumika kila mahali.

Na bado yupo nasi huyo Jevons. Taa za LED zinatumia umeme kidogo sana, ni kama robo ya ile balbu ya uzi au chini ya hapo, tukafurahi, alafu tukazibandika kwenye mabango makubwa kama nyumba yanayowaka usiku kucha. Injini za magari zimeboreshwa kila mwaka, na sisi tukaongeza ukubwa wa gari, sasa hivi karibu nusu ya magari mapya yanayouzwa duniani ni yale makubwa ya SUV, chuma cha tani mbili kinambeba mtu wa kilo 70 kwenda kununua betri ya rimoti. Ndo maana nasema ufanisi peke yake ni kuziba tundu dogo huku mchukuzi anatoboa kubwa. Lazima pawe na kikomo mahali fulani, iwe kwa sheria, iwe kwa bei, iwe kwa jinsi mji ulivyopangwa.

Ngoja nikae kidogo kwenye miji maana hapo ndo pana utamu. Ukiwaambia watu Uholanzi wanaendesha baiskeli wanajibu aah wale ni utamaduni wao, wamezaliwa nazo. Sio kweli. Miaka ya 1950 na 1960 Uholanzi ilikuwa inaelekea kulekule kwa wengine, mabarabara mapana, viwanja vya katikati ya miji vikageuzwa paking, baiskeli zikawa zinapungua kila mwaka. Mwaka 1971 watoto zaidi ya 400 walikufa kwa ajali za barabarani, nchi ndogo vile. Wazazi wakaingia barabarani, wakalala chini na baiskeli zao, wakaita harakati yao acheni kuua watoto, kwa Kiholanzi Stop de Kindermoord, jina halina upole hata kidogo. Mwaka 1973 mafuta yakaadimika, serikali ikapiga marufuku magari Jumapili kuanzia Novemba 4, watu wakatembea kwenye barabara kuu, watoto wakateleza na viatu vya magurudumu, wakagundua barabara ni uwanja mkubwa sana ukiondoa magari. Ndipo njia za baiskeli zikaanza kujengwa kwa akili, zimetenganishwa, zimeunganishwa, na leo nchi ile ina baiskeli nyingi kuliko watu na zaidi ya robo ya safari zote zinafanyika kwa baiskeli. Mtu wa kule hapandi baiskeli kwa kuhurumia dunia, anapanda kwa sababu anafika haraka na hagongwi. Hicho ndo kitu mi nakitafuta, mpangilio ambao mvivu, mbishi, asiyejua hata hewa ukaa ni nini, akifanya linalomrahisishia maisha anakuwa amefanya jema.

Nyumba ni hivyohivyo. Mwaka 1991 watu waliingia kukaa kwenye nyumba za kwanza kule Darmstadt, Ujerumani, zilizojengwa kwa kuta nene zinazozuia joto lisitoroke, madirisha ya vioo vitatu, hewa chafu inayotoka inaipasha moto hewa safi inayoingia, na zikawa zinahitaji kama sehemu moja ya kumi ya joto la nyumba za kawaida. Wakaaji hawakufundishwa nidhamu yoyote. Kwenye joto kanuni ni ileile ila kinyume, kivuli kwanza, dirisha liangalie wapi, hewa ipite wapi, ndipo ufikirie mashine ya kupoza. Na kabla hujabomoa jengo la zamani ukumbuke saruji peke yake inatoa asilimia kama 7 au 8 ya hewa ukaa yote inayotokana na binadamu, na zaidi ya nusu ya hiyo haitoki kwenye moto wa tanuri, inatoka kwenye jiwe la chokaa lenyewe likipashwa moto, yaani hata ukitumia umeme wa jua bado jiwe litaitoa. Jengo lililosimama lishalipa hilo deni. Usitupe mbachao kwa msala upitao.

Nije kwenye daftari, maana mali bila daftari huisha bila habari. Daftari la dunia linaitwa pato la taifa, na aliyesaidia kuliunda, Simon Kuznets, alipolipeleka kwenye bunge la Marekani mwaka 1934 aliwaonya humohumo kwamba ustawi wa taifa ni vigumu kuupima kwa kipimo cha kipato. Wakachukua kipimo wakaacha onyo. Kwenye hilo daftari fundi wangu angefanikiwa kubadilisha ile beringi ingeandikwa hela kidogo, mi kutupa mashine nzima na kununua mpya inaandikwa hela nyingi, na hapo tunasema uchumi umekua. Pembeni kuna ruzuku. Shirika la fedha la kimataifa IMF lilihesabu ruzuku za moja kwa moja za mwaka 2022 kwa mafuta, gesi na makaa zikafika kama trilioni 1.3 za dola, na ukijumlisha madhara ambayo wachomaji hawayalipii inafika trilioni 7. Sasa hapo ndo utaniambia umma unahitaji semina?

Wakati wa kurekebisha bei inabidi uwe na akili na uwe na haki, vyote viwili. Sweden waliweka kodi ya hewa ukaa mwaka 1991, lakini mwaka uleule walikuwa wanapunguza kodi za mishahara, mtu akaona wanachukua huku wanarudisha kule, kodi ipo mpaka leo. Ufaransa mwaka 2018 waliipandisha kodi ya mafuta wakati ambapo wameshafuta kodi ya utajiri kwa sehemu kubwa, mfanyakazi anayeishi mbali na mji, hana treni hana basi, akaona yeye ndo anaambiwa aokoe dunia. Akavaa kizibao cha njano akaenda kwenye mzunguko wa barabara, na serikali ikarudi nyuma. Wengine walisema wale wanachukia mazingira. Mi nasema walijua kusoma bili tu. Kwa hesabu za Oxfam, asilimia 1 ya watu matajiri zaidi duniani mwaka 2019 walitoa hewa ukaa nyingi sawa na watu bilioni 5 wa chini. Ukitaka watu wakusikilize ukiwaambia wabane, anza na ndege binafsi, hata kama kwa tani sio kila kitu, kwa heshima ni kila kitu.

Nimeona mikono, nachukua maswali matatu alafu tule.

Dada umeuliza ajira, watu wakinunua vichache viwanda vitafungwa, wafanyakazi waende wapi. Hilo ndo swali gumu kuliko yote na wanaolipita juujuu siwaamini. Nchi nyingi zimefunga migodi ya makaa, ila zimefungaje? Uingereza ilifunga kwa vita, mgomo wa 1984 mpaka 1985, polisi na farasi, na miji ile mpaka leo ina majeraha. Ujerumani walikubaliana mwaka 2007, serikali, kampuni na chama cha wafanyakazi, wakapunguza taratibu, wazee wakastaafishwa mapema, vijana wakahamishiwa kazi nyingine, mgodi wa mwisho wa makaa magumu kule Bottrop ukafungwa Desemba 2018, hakuna aliyetupwa nje ghafla. Ulikula hela nyingi huo utaratibu. Ila hela ililipwa kwa wachimbaji badala ya kulipwa kwa chuki. Na kutengeneza vitu vilivyoharibika kunahitaji mikono mingi kuliko kuvisaga, fundi mmoja haweki beringi mia kwa siku. Lakini nakubali jumla ya saa za kazi huenda zikapungua, na hapo nakukumbusha Keynes, yule mchumi Mwingereza, mwaka 1930 alitabiri kwamba ndani ya miaka 100 tutafanya kazi masaa 15 kwa wiki. Hiyo miaka 100 imebaki kidogo ifike. Uzalishaji umepanda kama alivyosema, ila sehemu kubwa ya faida tuliichukua kwa vitu, muda tulichukua kidogo tu. Jevons tena huyo, kaingia mpaka kwenye kalenda. Kupunguza siku za kazi bila kukata mshahara wa wa chini ni sera ya mazingira kabisa, japo wizara za mazingira haziijui.

Mzee umeuliza kuhusu plastiki, mbona sijataja kurejeleza. Nimeacha makusudi. Plastiki inayorejelezwa kweli duniani ni kama asilimia 9 tu, na ile alama ya mishale mitatu imetufanya tununue kwa amani. Kurejeleza ni kuokota kilichodondoka, sawa okoteni, ila anayetoboa bado anatoboa.

Na wewe kijana, umeuliza kesho asubuhi uanze na nini, umesema unafanya kazi ofisi ya manunuzi ya serikali. Ndugu yangu mbona ulikaa nyuma? Mnunuzi mkubwa kuliko wote karibu kwenye kila nchi ni serikali yenyewe, kompyuta za mashule, magari, mashine za kufulia za hospitali, majengo. Kwenye tenda inayofuata ongeza mistari mitatu tu, spea ziwepo miaka 10, maelezo ya ufundi yatolewe kwa fundi yeyote, na betri itoke kwa bisibisi ya kawaida bila kuvunja kitu. Wazabuni watakuja kukuambia haiwezekani, waulize kwani ile ya zamani skrubu zake nani alizitoa.